Tulirudishwa Kutoka Korongoni, na Sidai Pesa Zangu

Ndugu msomaji, najua wengi wenu mkilishika jarida hili la chama mnakimbilia kwanza ukurasa wa vichekesho. Hata mimi hufanya hivyo. Lakini leo nawaomba mnivumilie kidogo, kwa maana nina neno lililonikaa kooni tangu muhula wa kwanza na mhariri amekubali kunipa nafasi nilitoe.

Bila shaka mnaikumbuka ile barua iliyotiwa katika kisanduku cha maoni baada ya safari yetu ya Hell's Gate. Ilisema kwamba wanachama wamepunjwa, kwamba tulilipa kwenda kuona korongo tukaonyeshwa mlango wake tu, na kwamba mwalimu mlezi wa chama aturudishie nusu ya mchango. Barua ile ina majina 31. Jina la tisa kutoka juu ni langu. Niliandika kwa mkono wangu, kwa wino wa bluu, na hakuna aliyenishika mkono. Leo nataka kuliondoa jina hilo mbele yenu nyote, na nieleze kwa nini.

Kwa faida ya wale ambao hawakwenda, nitaanza mwanzo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Machi. Ilani ubaoni ilisema basi litaondoka saa kumi na mbili asubuhi kamili. Saa kumi na mbili kamili waliokuwa ndani ya basi ni dereva, mwalimu mlezi, na wasichana wanne wa Kidato cha Kwanza ambao bado wanaogopa ilani. Sisi wengine tulikuwa tukipiga pasi, tukitafuta kofia, tukibishana na mpishi juu ya mandazi ya njiani. Mimi nilirudi bwenini mara mbili, na mara ya pili ilikuwa ni kuchukua miwani ya jua ya kuazima. Tuliondoka saa moja na dakika hamsini. Tafadhali ishikeni saa hiyo, nitairudia.

Tulishika barabara ya chini, ile inayoteremka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu. Pale juu penye vibanda vya kuuza kofia na ngozi za kondoo tulisimama tulitazame bonde. Wallahi, mtu ambaye hajasimama pale asubuhi hajui nchi yake. Ardhi inakatika ghafla miguuni pako, halafu chini kule unaona uwanda umelala hadi upeo wa macho, na mlima Longonot umekaa katikati kama chungu kilichovunjika mdomo. Mwalimu alitupa dakika kumi. Tulikaa dakika arobaini, kwa sababu kila kikundi kilitaka picha yake na kila picha ilikuwa na mtu aliyefumba macho.

Tulipoanza kuteremka tulikuta lori la trela likijikokota mbele yetu, breki zikinuka mpaka ndani ya basi. Huko viti vya nyuma wimbo ukaanza: "Dere, pita! Dere, pita!" Dereva wetu hakugeuza hata shingo. Alikaa nyuma ya lori lile kona baada ya kona, tukalipita hata lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, mpaka chini kabisa barabara iliponyooka. Matatu mbili zilitupita penye kona huku honi zikilia, na sijasikia kwamba zilianguka. Hili pia naomba mlishike.

Tulifika lango la Elsa saa tano na nusu. Hifadhi ya Hell's Gate ilianzishwa mwaka 1984. Ni ndogo, kilomita mraba 68 hivi, lakini ina sifa moja ambayo hifadhi nyingi za nchi hii hazina: mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya wanyama. Basi likatangulia na mizigo, sisi tukashika njia kwa miguu.

Sitawachosha na kila punda milia. Tuliwaona, na twiga tuliwaona, na ngiri mmoja aliyetukimbia mkia juu kama aliyechelewa gwaride. Jabali nyekundu zimesimama pande zote mbili za njia, na tai wanazungukazunguka juu yake. Wenye kupenda sinema wanajua kwamba wachoraji wa ile filamu ya simba ya mwaka 1994 walifika hapa kutazama mandhari, na kuna majabali ambayo ukiyaona unasema, "Ala! Hili nalijua." Mwenzangu mmoja alipanda juu ya jiwe na kuinua mkoba wake kama yule tumbili mzee alivyomwinua mtoto wa simba. Ndani ya mkoba huo mlikuwa na mayai sita mabichi aliyoyanunua Naivasha. Alikuwa amesikia kwamba korongoni maji hutoka kwenye mwamba yakiwa moto, akaapa atakula yai lililochemshwa na ardhi yenyewe. Mayai hayo nayo tutayarudia.

Lakini nguzo ya Fischer siwezi kuipita hivi hivi. Ni jiwe refu lililosimama peke yake, kiasi cha mita 25, masalio ya volkeno ya kale. Limepewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika hapa mwaka 1883 akitaka kuendelea mbele. Wamaasai walimzuia, akageuza akarudi alikotoka. Wamaasai wenyewe wana hadithi yao kuhusu jiwe hilo. Wanasema ni msichana aliyekuwa akisindikizwa kwenda kuolewa, akakatazwa kutazama nyuma, akatazama, akageuka jiwe. Siku ile nilicheka nikasema mahali hapa pana mambo: mmoja amegeuka akawa jiwe, mwingine amegeuka akapewa jiwe. Sikujua kwamba zamu yetu ya kugeuka ilikuwa njiani.

Tulifika kwenye korongo lenyewe, Ol Njorowa, saa nane kasoro. Mwelekezi alikuwa akitungoja. Ni mzee wa makamo, mwenyeji wa huko, mwenye viatu vya mpira wa gurudumu na fimbo nyembamba. Mwalimu alimwamkia, wakasemezana kando, kisha yule mzee akatuhesabu. Tulikuwa wanafunzi 62 na walimu wawili. Akatazama saa yake, akatazama juu, akatuambia:

"Watoto wangu, mmechelewa. Tutakwenda kipande kifupi tu. Na nikisema tokeni, mnatoka. Hakuna kuuliza maswali pale chini, maswali tutaulizana huku juu. Tumesikizana?"

"Ndiyo, mzee!" tuliitikia kwa pamoja, kama watoto wa shule ya msingi. Kuitikia ni rahisi.

Jamani, korongo lile! Maelfu ya miaka iliyopita Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko tunavyoliona leo, na maji yake yalipofurika yalitafuta njia ya kusini, yakalichimba korongo hili kwenye mwamba na majivu ya volkeno. Leo ziwa halina mto unaotoka ndani yake, lakini njia ile imebaki. Unateremka kwa kushika mawe, na kadiri unavyoteremka kuta zinasogeleana. Kuna mahali ukinyoosha mikono unagusa huku na huku. Mwamba umelainishwa kama mtu aliyeupiga msasa, na una mistari ya rangi, kahawia na nyeupe na nyeusi, kama keki ya harusi iliyokatwa. Juu unaona kipande cha mbingu chembamba kama utepe. Sauti inakuwa nzito. Hata wale wa viti vya nyuma walianza kunong'ona.

Mahali pamoja maji yalikuwa yakichuruzika ukutani, na mwelekezi akatuambia tuyaguse kwa ncha ya kidole tu. Yalikuwa moto kweli! Hii ndiyo nchi ya mvuke. Hatua chache tu kutoka hapa kuna Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1981, ulipoanza mtambo wa kwanza wa megawati 15. Somo la jiografia nililolikariri bila kulielewa nililiona pale likinitiririka mbele ya macho. Mwenye mayai akauliza, "Ni hapa, mzee?" Akajibiwa kwamba mahali penye moto zaidi pako mbele.

Hatukufika mbele. Tulipinda kona moja ambapo korongo linapanuka kidogo na mbingu inaonekana zaidi, na mwelekezi akasimama. Alitazama nyuma, upande wa vilima yanakotokea maji. Mimi nilikuwa karibu naye, nikatazama alikotazama. Niliona wingu jeusi mbali sana, limeshuka chini. Juu yetu jua lilikuwa kali, nilivaa miwani yangu ya kuazima kwa haki kabisa.

"Tunatoka," akasema. "Sasa."

Palikuwa na njia ya kutokea karibu na hapo, upenyo wa kupanda kwa kushikilia mawe, mmoja mmoja. Mwalimu hakubishana hata neno moja. Akaanza kuwapanga wadogo mbele. Lakini sisi, ah! "Mzee, mvua iko wapi?" "Mzee, hata dakika kumi tu, tuone maji moto." "Si tumelipa jamani?" Mwenye mayai alikuwa karibu kulia. Mzee alijibu mara moja tu, hakurudia:

"Mvua ya kuua watu hapa haina haja ya kunyesha hapa."

Tukatoka. Tuliketi juu kwenye nyasi saa nzima, tukila mandazi na kutazama chini. Jua liliendelea kuwaka. Mvua haikunyesha. Maji hayakuja, hata ya kujaza kikombe. Na ili uchungu utimie, watu watano waliokuwa wametangulia, wageni na mwelekezi wao, walitokea upande wa chini wakiwa wakavu wanacheka, wakatupungia mkono.

Ndani ya basi kelele zilianza kabla hatujatoka langoni. Huyu mzee ni mwoga. Huyu mzee alitaka kwenda nyumbani mapema. Mwalimu naye kaufyata. Tumekula hasara. Jumatatu barua ikaandikwa, nami nikatia jina langu la tisa kwa wino wa bluu.

Ni nini basi kilichonibadilisha? Sikubadilishwa na hotuba ya mtu. Nilibadilishwa na daftari la katibu. Muhula wa pili nilipewa kazi ya kunakili ripoti ya safari kwa ajili ya jarida hili, na katibu wetu, kama mnavyomjua, huandika saa ya kila kitu. Katika ukurasa wa tatu ameandika hivi: mwelekezi amesema tutoke, saa nane na dakika thelathini na moja. Mwanafunzi wa mwisho amefika juu, saa nane na dakika hamsini na saba.

Dakika 26.

Niliweka kalamu chini. Nikakumbuka vizuri jinsi tulivyopanda. Tulikuwa tukipeana mikono, mmoja mmoja. Msichana mmoja wa Kidato cha Kwanza aliganda katikati, akashika jiwe akakataa kuliachia, mwalimu akapanda kumbembeleza. Wengine tulikuwa chini tunapiga gumzo, tunajivuta makusudi ili tuonyeshe hasira. Mimi nilikuwa miongoni mwa watano wa mwisho. Kwa hiyo nilikaa karibu nusu saa nzima chini ya korongo baada ya kuambiwa nitoke, na nilikuwa nikijiona mshindi.

Siku iliyofuata nilikwenda maktaba nikaomba magazeti ya zamani. Aprili 2012 kikundi cha vijana wa kanisa kilikuwa katika korongo hilo hilo, kwenye matembezi kama yetu. Maji yalikuja ghafla, na vijana saba wakafa. Tarehe 1 Septemba 2019, siku ya Jumapili, watu wa safari moja walikumbwa tena na mafuriko humo humo. Wakafa saba, na mmoja wao alikuwa mwelekezi mwenyeji. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori likalifunga korongo baada ya msiba huo. Tazameni tarehe hizo, ndugu zangu. Aprili sote tunaijua kuwa ni masika. Lakini Septemba mosi? Nani kati yetu angebeba mwavuli Septemba mosi?

Mara ya kwanza nilisoma habari hizo kama mtu anayesoma kuhusu ajali ya mbali. Kisha nikafikiria yule mwelekezi aliyekufa. Mtu huyo alilijua korongo kama sisi tunavyolijua bweni letu, na bado maji yalimpata. Na mzee wetu, aliyetazama wingu akasema "sasa", anafanya kazi ile ile katika korongo lile lile. Sisi tukamwita mwoga.

Sasa nije kwenye hoja yenyewe, maana najua mtanijibu, na jibu lenu nalijua kwa sababu nililitumia mwenyewe. Mtasema: lakini mvua haikunyesha. Maji hayakuja. Wale watano walifika salama. Kwa hiyo mzee alikosea.

Nasema hapana. Turudi kwenye ile barabara ya Mai Mahiu. Dereva wetu alikataa kulipita lori penye kona, na matatu mbili zikapita zikafika salama. Je, tulimwandikia dereva barua? Je, kuna mtu aliyedai nauli yake kwa sababu hakuna gari lililotokea upande wa pili? Hakuna. Kila mtu anaelewa kwamba aliyepita penye kona alifanya upumbavu hata kama alifika, na aliyengoja alifanya vyema hata kama barabara ilikuwa tupu. Dereva haoni ng'ambo ya kona. Anaamua kwa kile anachokiona. Mwelekezi naye haoni mvua iliyo vilimani itateremka na maji kiasi gani, na wakati wa kujua kwa hakika ni wakati wa kusikia ngurumo ya maji, na wakati huo sitini na wanne hawatoki kwenye upenyo mmoja.

Kuhusu wale watano niliumiza kichwa zaidi, kwa sababu kweli walipita, na walikuwa na mwelekezi. Lakini watu watano wazima hupanda upenyo kwa dakika mbili. Sisi tulihitaji 26. Wingu lile lile moja lilikuwa na maana moja kwao na maana nyingine kwetu. Mzee alitukuta getini akatuhesabu kabla ya kusema lolote, mnakumbuka? Mimi nilidhani anahesabu pesa.

Hapa sitaki nieleweke vibaya, kwamba naandika kumpaka mwalimu mafuta. Mlezi wetu naye ana lake, na kwa kuwa ananipenda atanisamehe nikilisema. Wanafunzi 62 kwa mwelekezi mmoja ni wengi mno. Tungegawanywa vikundi, kila kikundi na mtu wake, hata kama mchango ungepanda kidogo. Tena, mambo ya 2012 na 2019 tungeelezwa shuleni kabla ya safari, si kuachwa tuyatafute wenyewe maktabani baada ya miezi. Mtu akiambiwa "toka" bila kujua sababu ananuna. Laiti tungejua, naamini hata mwenye mayai angepanda mbio. Na mwisho wa Machi, mvua zikikaribia, haukuwa wakati wa busara kwa korongo, ingawa Septemba imetufundisha kwamba kalenda peke yake haitoshi.

Lakini kubwa kuliko yote ni sisi. Ile saa niliyowaomba mwishike, saa moja na dakika hamsini. Tungeondoka saa kumi na mbili, na tungesimama pale ukingoni kwa dakika kumi tulizopewa, tungekuwa korongoni kabla ya saa sita, asubuhi ikiwa bado safi. Pengine tungefika kwenye maji moto tukala mayai tukarudi juu kabla ya wingu lile kuzaliwa. Tulipoteza karibu saa mbili na nusu kwa pasi na picha, kisha tukamdai mzee dakika kumi. Katika barua yetu yenye majina 31 hakuna mahali tulipoandika habari ya pasi.

Naandika haya sasa kwa sababu mambo yamefika mbali. Barua ile ilimfikia Mwalimu Mkuu. Mmesikia wenyewe kwenye paredi: safari za vyama zimesimamishwa mpaka jambo hili liangaliwe. Wapo wanaosema tuchague mahali pasipo na hatari, twende makumbusho tukatazame vyungu. Sina ugomvi na vyungu. Lakini itakuwa ajabu ya Musa kama safari itafutwa kwa sababu ya siku ambayo hakuna mtu aliyekwaruzwa hata kidole. Ingekuwa tumepuuza, tukaendelea, tukabahatika, tukarudi tunaimba, leo hakuna ambaye angesimamisha chochote. Basi lingekuwa linapigwa rangi kwa safari nyingine. Hilo ndilo linaloniuma. Tumemfanya mwalimu aonekane ameharibu safari kwa sababu aliturudisha sote 62.

Nimemwuliza mlezi kama ataendelea na chama mwaka ujao. Alitabasamu tu, akaniuliza kama nimemaliza kunakili ripoti.

Maoni yangu kwa kamati ni haya, na naomba yaandikwe kwenye kumbukumbu. Turudi Ol Njorowa, mamlaka ya hifadhi ikiruhusu. Twende wachache zaidi, tuondoke gizani, na kabla ya kuondoka kila mtu atie sahihi kwamba neno la mwelekezi ndilo la mwisho, hata jua likiwaka, hata wengine wakipita wakicheka. Atakayechelewa kwa ajili ya pasi aachwe. Nikiwa ni mimi, niachwe. Na kama yule mzee bado yupo, ningependa tumwombe yeye, ingawa sijui nitamtazama vipi usoni.

Ya mayai karibu niyasahau. Mwenzangu aliyarudisha yote sita mpaka shuleni, isipokuwa moja lililopasukia ndani ya mkoba na kuiharibu miwani ya watu niliyokuwa nimemwekesha. Yale matano tulimpelekea mpishi usiku ule, akayachemsha kwenye sufuria ya githeri, akatuuliza korongo lilikuwaje. Tulimwambia hatukuliona.

Barua iko katika faili la katibu. Amekubali kunionyesha Ijumaa baada ya mkutano, na amesema yeyote miongoni mwa wale 30 wengine anayetaka kuiona, mlango uko wazi. Kalamu ya bluu ninayo bado.